Stima Ilipotea Kidogo Tu, Chipu Ikafa

Wasee, acheni niwaambie kitu sikufunzwa darasani.

Nikiwa kwa atachimenti kiwandani, nilipewa bodi inayoendesha mota ya pampu. Ubongo wake ni TMS320F2812 ya Texas Instruments, chipu inayopima mkondo wa mota na kurekebisha mwendo wake maelfu ya mara kwa sekunde. Programu yake inakaa kwa flashi, memori isiyosahau hata ukizima stima. Kazi yangu ilikuwa kufuta programu ya zamani niweke mpya. Kitu ya dakika moja.

Mzee fundi akaniambia, "Kijana, ngoja nilete betri. Stima ya hapa haiaminiki."

Nikacheka kimoyomoyo. Si laptopu yangu iko na chaji? Sikufikiria bodi yenyewe inakula stima ya ukutani. Nikabonyeza.

Stima ikapotea.

Iliporudi, chipu ilikataa kabisa kuongea na mimi. Sasa sikizeni. Flashi haifutwi vile unafuta picha kwa simu. Biti zote za sekta zinashushwa kwanza hadi 0, ndipo zinapandishwa pamoja hadi 1. Kwa F2812, sekta A ndiyo imebeba nywila ya biti 128, ile ya kuzuia wezi wa programu. Ikiwa ni 1 tupu, chipu iko wazi. Ikiwa ni 0 tupu, imefungwa milele, na hakuna nywila itaifungua. Mimi stima ilinikatikia kati ya 0 na 1. (Mnaweza kunipinga, lakini kuweka kufuli ndani ya kitu kile kile kinachofutwa, hapo naona waliochora chipu walitukosea.)

Chipu yenyewe iko na miguu 176. Kuing'oa na kuchomelea nyingine si mchezo, na mpya haikuwa karibu. Pampu ililala siku mbili. Vibarua wa zamu wakarudishwa nyumbani bila kitu, mmoja wao jamaa tulikuwa tunakula naye madondo kila mchana. Hakuniuliza chochote. Hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana.

Ndio maana nikisikia mtu akijigamba eti siku hizi kila kitu ni kodi, vyuma ni vya wazee, nanyamaza tu.

Chipu mpya ilipofika, mzee alifunga nyaya za betri mwenyewe, akazivuta mara mbili kuona kama zimeshika.

"Haya, kijana. Bonyeza."