Upanga wa shaba si upanga wa masikini

Wengi mmeniuliza ule mchezo wa dadu wa vijana wa mtaa wetu hapa Kalemie ni kitu gani. Mama mmoja alifikiri ni kamari. Si kamari, hakuna hata franka moja inayotoka mfukoni. Ni mchezo wa hadithi. Kijana mmoja anasimulia nchi ya kubuni yenye wafalme, misitu na mazimwi. Wengine, kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi, na dadu inaamua kama pigo limefika au limekosa. Mchezo wa aina hii ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons. Vijana wetu wamejitungia wa kwao kwenye daftari la shule. Wanacheza wenyeji pamoja na waliokimbia vita kutoka Uvira na Fizi.

Ninaandika kwa sababu ya ugomvi wa shaba.

Kwenye daftari silaha zilipangwa kama ngazi: mti alama 1, shaba 2, bronzi 3, chuma 4, chuma cha pua 5. Ngazi hiyo msimuliaji aliitoa katika RuneScape, mchezo wa simu ambamo bronzi ni silaha ya anayeanza, ya kutupa mara tu ukipata pesa. Kijana mmoja wa Manono na dada mmoja wa Likasi wakakataa. "Yaani madini ya kwetu ndiyo ya masikini?" Wakaniita: "Papa mwandishi, wewe kazi yako ni kuuliza, utuulizie."

Nimeuliza, nimesoma. Shida ya kwanza iko katika lugha yetu. Shaba kwetu ni neno moja kwa vitu viwili. Shaba tupu, ile nyekundu ya Katanga, ni laini. Upanga wake utajikunja. Bronzi ni shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati kidogo, karibu sehemu tisa kwa moja. (Bati hapa si manjanja ya nyumba. Ni madini yanayotoka katika kasiterite.) Hiyo moja inabadilisha yote. Mchanganyiko unakuwa mgumu, na ukigonga makali yake kwa nyundo yanazidi kuwa magumu, hata kushinda chuma cha kawaida cha wahunzi wa zamani. RuneScape inachanganya jiwe moja la shaba na jiwe moja la bati. Mhunzi wa kweli angecheka.

Basi kwa nini watu waliiacha bronzi? Hapo ndipo daftari lilipokosea. Chuma hakikushinda kwa makali, kilishinda kwa sababu mawe yake yako karibu kila mahali. Bati ni haba. Mwaka 1982 mpiga mbizi wa Uturuki aliona chini ya bahari, pale Uluburun, mzigo wa meli iliyozama zaidi ya miaka 3000 iliyopita. Ilikuwa imebeba tani kama kumi za shaba na tani kama moja ya bati. Hebu hesabuni: ni kipimo kilekile cha bronzi, kikisafiri baharini. Meli ikizama, upanga wa mfalme hautengenezwi.

Kwa deraya, bronzi ilidumu zaidi. Bamba lake linagongwa likawa chapeo nzima, na chuma cha zamani hakikukubali hivyo kwa urahisi. Wagiriki walibeba mikuki ya chuma huku vichwani wamevaa bronzi. Mnajua pia habari za Goliati: chapeo na deraya vya shaba, shekeli 5000, lakini kichwa cha mkuki ni chuma. Vijana walifurahi sana kuona kwamba Biblia inakubaliana na dada wa Likasi. Na wanaosema vazi hilo lilikuwa pambo tu, mwaka 2024 watafiti walitoa majibu ya jaribio: askari 13 wa Ugiriki walivaa mfano wa deraya ya bronzi iliyochimbuliwa Dendra, wakaigiza mapigano kwa saa 11. Deraya ilifaa kwa vita.

Na sisi? Wazee wa Katanga walijua shaba vizuri, lakini mkuki na jembe walifua kwa chuma. Shaba ilikuwa mali. Walimimina misalaba midogo, wakanunua nayo, wakazika wafu wao nayo kule Upemba. Mnajua bendera ya Katanga ya 1960, ina misalaba mitatu ya namna hiyo.

Kwa hiyo daftari limeandikwa upya. Upanga wa shaba tupu unajikunja baada ya mapigo matatu, ila msalaba wa shaba unanunua kitu katika kila kijiji. Bronzi inapiga sawa na chuma; deraya yake inapita ya chuma kwa alama moja; na ikivunjika unaiyeyusha tena. Lakini haitengenezwi mpaka mizigo tisa ya shaba ikutane na mmoja wa bati, na bati inatoka mbali, njia yenye mto na vizuizi. Chuma kinapatikana popote, kinaota kutu. Mimi naona ni haki kuliko ile ngazi.

Kijana wa Manono hakuhitaji kuelezwa habari za bati. Wala yule wa Walikale, ambaye ndugu zake walibeba kasiterite ya Bisie kwa miguu msituni.

Mama mmoja aliyekimbia Fizi alikuwa amesimama pembeni, na uso wake haukuwa wa kufurahi. Akasema: "Batoto yetu bamekimbia bunduki, sasa munabapa zingine za karatasi?" Hakuna aliyejibu, na mimi sina jibu la haraka. Hakuondoka lakini. Alisikiliza hesabu ya mizigo tisa na mmoja, vizuizi, mto, kisha akauliza: "Na ule mwenye kubeba, banamulipa ngapi?"

Daftari halikuwa na mstari huo. Wakabishana hadi giza. Wakakubaliana misalaba miwili kwa safari, minne kama kuna vizuizi, na mbebaji asiyelipwa anaweza kutua mzigo na kwenda zake. Bei ya bronzi ikapanda mara moja. Tangu hapo wachezaji watatu wamefuta askari wao na kuandika wabebaji, na msimuliaji ananilalamikia kwamba mazimwi yake yanakaa bure, hakuna anayekuja kupigana nayo.