Saa ya Marehemu Baba, Kaole
Tulifika Kaole, kusini mwa mji wa Bagamoyo, jua likiwa limekwisha kupinduka. Katika magofu ya msikiti wa karne ya 13 tuliwaonesha watoto namna wazee walivyoijua Alasiri kwa kupima kivuli. Mkononi kaka yetu alivaa saa ya marehemu baba kutoka Maskati, yenye nembo ya jambia, mfano wa zile alizotunuku Sultan Qaboos. Ataka kuipeleka Dubai, kwenye maonesho ambayo tangu 2015 hukutanisha watengenezaji wa Uswisi na wakusanyaji wa saa. Bei huenda ikawa nzuri. Lakini mirathi haijagawanywa, na dada zetu hawajaulizwa. Adhana ikasikika kutoka kijijini. Kaka akaivua ili atawadhe, akampa dada mdogo amshikie.