Arua na Koboko: kipaji huku, karatasi kule

Arua, mji wa kanda ya West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, utaijua kwa uwanja wake. Green Light ni nyumbani kwa Onduparaka, klabu iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016 na kuuvalisha mji jezi za kijani. Mashabiki wake hujiita Viwavi, na ngoma zao zilifika Kampala kabla ya wengi wa huko kujua Arua iko wapi. Mwaka 2022 mji uliandaa fainali za taifa za soka la wavulana wa sekondari, na timu zilizofanya vizuri zikaenda Arusha kwenye michezo ya shule za Afrika Mashariki.

Kwa kijana wa hapa, ngazi inaonekana: shule, klabu, Kampala, nje. Muhammad Shaban aliipanda. Alitoka Onduparaka, akapitia KCCA ya Kampala, na mwaka 2018 akavaa jezi ya Raja Casablanca ya Morocco.

Kwenda Koboko ni kilomita hamsini na ushee za lami kuelekea kaskazini. Kilugbara kinapungua kila unaposimama, Kikakwa kinazidi, na sokoni Kiswahili na Kinubi vinawasaidia wote. Mbele kidogo kuna Oraba, na ng'ambo yake Kaya ya Sudan Kusini. Mpaka wa Kongo nao uko karibu. Nchi tatu zinakutana Salia Musala.

Hapa mpira ni uleule na vumbi ni lilelile, ila maswali ni mengine. Kocha wa Arua anauliza mtoto anacheza namba ngapi. Wa Koboko anauliza kwanza amezaliwa wapi, na nani anaweza kulithibitisha hilo.

Mtoto hana kosa. Eneo hili lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki 1909, likahamia Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 likaingia Uganda. Wakakwa wakajikuta katika nchi tatu bila kuhama. Soka nalo limewagawa upya. Uganda na Sudan Kusini hutafuta tiketi za mashindano ya vijana ya Afrika kupitia CECAFA, kanda ya Afrika Mashariki. Kongo iko kanda ya Afrika ya Kati. Kijana wa Koboko na binamu yake wa Ingbokolo, upande wa Kongo, wanaweza kucheza pamoja Jumapili, lakini wakiitwa timu za taifa kila mmoja anachujwa upande wake.

Sheria haijawasahau. Katiba ya Uganda ya 1995 inawataja Wakakwa, pamoja na Walugbara, miongoni mwa jamii zilizokuwamo nchini Februari 1926. Aliyezaliwa Uganda, mzazi au babu yake akiwa wa jamii hizo, ni raia. Haki ipo; kinachokosekana mara nyingi ni cheti. Familia zilizokimbia vita kwenda na kurudi mpakani hazikubeba mafaili.

Umri ni mtihani mwingine. Tangu 2009 FIFA hupima kifundo cha mkono kwa MRI katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, nayo hutumia kipimo hicho. Mifupa ikionekana imeshaungana kabisa, mchezaji anaachwa. Kipimo hicho humzuia aliyevuka umri, lakini hakimpi mtu uraia.

Novemba 2025, huko Qatar, vijana wa Uganda walicheza Kombe hilo kwa mara ya kwanza na kuifunga Ufaransa 1-0. Safari yao ilianzia kwenye mchujo wa CECAFA uliochezwa Uganda mwishoni mwa 2024. Tangu hapo kila kijana wa West Nile anajua kwamba mlango upo.

Ningepewa kupanga mchujo wa vijana wa kanda hii, fainali ningeiacha Arua, kwenye uwanja na mashabiki. Raundi ya kwanza ningeipeleka Koboko, na meza ya usajili wa vizazi ingefunguliwa pembeni ya uwanja miezi kadhaa kabla ya filimbi. Mtoto akikosa nafasi, aikose kwa sababu mwenzake amemzidi mpira.