Akiba Iliyooza

Nyuma ya nyumba yangu kipo kibanda ambacho wajukuu hukiita "duka la babu". Humo mna makopo ya rangi iliyobaki nusu, misumari iliyopinda, vipande vya bati na bawaba za milango iliyokwisha kuliwa na mchwa. Mama Neema, mke wangu, hukiita jina jingine ambalo sitaliandika hapa.

Chuo cha ualimu hakikunifundisha tabia hii. Nilifundishwa na uhaba. Baada ya Vita vya Kagera, vilivyomalizika mwaka 1979, bidhaa ziliadimika nchini. Nilikuwa mwalimu mkuu kijana, na shuleni kwetu msumari ulikuwa mali. Wanafunzi waliinyoosha misumari mikuukuu juu ya jiwe, tukatengeneza madawati. Tangu hapo mkono wangu ukawa mzito kutupa. Akiba haiozi, wahenga walisema, nami niliwaamini.

Na kweli, msomaji, vitu vingi vina maisha ya pili. Rangi ya mafuta ikifunga utando, utando huondolewa, rangi ikachujwa kwa kitambaa chepesi na kukorogwa taratibu. Bawaba yenye kutu hulowekwa katika mafuta ya taa. Bati lenye matundu halikosi banda la kuku.

Miaka michache iliyopita kidato cha mlango wa nyuma kilimeguka. Nilikuwa na nusu mfuko wa saruji iliyokaa misimu miwili ya mvua, ikafanya mabonge. Fundi alilibana bonge moja kwa vidole, halikuvunjika.

"Mwalimu, hii imekwisha kufa," alisema. "Imekunywa unyevu. Hata ukiiponda, haitashika."

Nilimdhania kuwa ni mtu wa kupenda kununuliwa vipya. Alipoondoka nikayaponda mabonge kwa nyundo, nikachekecha, nikachanganya na mchanga, nikajenga mwenyewe. Kidato kilipendeza. Nilimwita hata jirani aje akione.

Wiki ya tatu Mama Neema alikanyaga ukingo akiwa na ndoo ya maji. Ukingo ukamomonyoka. Alivunjika kifundo cha mkono. Hakunigombeza. Tuliporudi kutoka hospitali alisema neno moja tu:

"Baba Neema, mimi wamenifunga plasta mpya."

Kibanda sikukibomoa. Ila sasa, kabla ya kuchukua kitu humo, hujiuliza: kikishindwa, ataumia nani? Msumari ulionyooshwa utashikilia rafu ya vikombe. Ngazi ya kupandia darini siupi. Uhaba ulinifunza kutunza. Haukunifunza kumsikiliza fundi, na kwa mtu aliyezoea kusikilizwa miaka mingi, somo hilo lilichelewa.

Kidato kile kimejengwa upya, kwa saruji mpya, na fundi yule yule. Ni imara kama mwamba. Lakini kila asubuhi Mama Neema hukishuka akiwa ameshika ukuta.