Sikio la Kulia

Mjomba ana redio ya kilo 15 hivi, Yaesu FT-1000MP ya miaka ya tisini, na kwa muda mrefu nilidhani ni mbovu. Ina nobu mbili za kutafutia masafa, moja kubwa na moja ndogo, lakini yeye aligusa ile kubwa tu. Nikajua ile ndogo iliharibika zamani, na Mjomba si mtu wa kupeleka vitu kwa fundi.

Nilihamia kwake Ngong mwaka jana baada ya kuacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Mamangu aliambiwa ni kwa sababu ya kodi ya nyumba Nairobi. Kuhusu chuo hakujua kitu. Kila Jumapili alipiga simu, akauliza kama nimekula, kama ninalala. Nami nilimjibu ati mitihani iko karibu. Mjomba alijua ukweli, maana nusu ya karo ilitoka mfukoni mwake. Hakuniuliza swali hata moja. Alinionyesha kitanda na mahali sukari inakaa, akarudi kwa redio yake.

Kama hujawahi kukutana na watu wa redio ya ridhaa, ni hivi. Mtu anapata leseni na ishara yake ya wito, za hapa kwetu zikianza na 5Z4, kisha anazungumza na watu asiowajua duniani kote. Hakuna bando. Mawimbi yanapanda, yanarudishwa na tabaka la juu la anga, yanashuka bara lingine. Mimi sina leseni, kwa hivyo maiki sigusi. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kusikiliza.

Jioni tatu mfululizo nilimsikiliza Mjomba akiita kituo kimoja cha kisiwa cha Pasifiki. Kilisikika vizuri kwenye megahezi 14.195. Yeye anaita, kituo kinajibu Italia. Anaita tena, kinajibu Japani. Jioni ya tatu alizima redio bila kusema neno, akaenda kulala saa mbili.

Usiku huo nilisoma kijitabu cha redio kwa simu. Kumbe kituo kinachotafutwa na watu wengi hivyo hakisikilizi pale kinapozungumzia. Wote wakiita hapo hapo, hakuna atakayesikia chochote. Kwa hivyo mwenye kituo husema anasikiliza juu kidogo, tuseme kilohezi tano hadi kumi, na mamia ya watu wanatawanyika huko wakiita kwa pamoja. Mjomba alijua hayo yote. Alikuwa anaweka kilohezi tano juu na kuomba Mungu. Lakini kati ya tano na kumi, mtu anasikiliza wapi hasa?

Hiyo ndiyo kazi ya nobu ndogo. Ni ya risiva ya pili. Ukiiwasha, hedifoni zinagawanyika: kushoto unasikia kituo, kulia unasikia umati unaoita. Unazungusha nobu ndogo polepole hadi umpate yule aliyejibiwa sasa hivi, akirudisha ripoti yake, tano-tisa. Hapo ndipo sikio la kituo lilipo. Kisha unahakikisha taa nyekundu ya kutuma imewaka upande wa risiva ya pili, sauti yako itoke huko. Ukisahau, unamwangukia mwenye kituo kichwani na dunia nzima inakupigia kelele.

Kesho yake nikamwonyesha. Akavaa hedifoni, akasema upande wa kulia hakuna kitu. Nikavaa mimi: fujo, kama stendi ya matatu mvua ikinyesha. Nikamrudishia. "Hakuna kitu," akasema tena. Nikazigeuza, ya kulia ikawa kushoto.

"Sasa umepoteza kituo," akasema.

Halafu akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Mjomba amefanya kazi kando ya jenereta zaidi ya miaka ishirini. Nobu ilikuwa nzima.

"Usimwambie mamako," akasema.

Nilicheka bila kutaka. Akaniangalia, naye akacheka.

Tulijaribu kuchanganya sauti zote mbili kwenye sikio lake zima, lakini umati ulifunika kituo. Kwa hivyo nilishuka Luthuli nikanunua waya wa kugawanya, kila mtu akavaa hedifoni zake. Yeye kushoto, mimi kulia. Nilizungusha nobu ndogo nikiandika kwa karatasi kila nilipompata aliyejibiwa: 14.203. Kisha 14.204. Kisha 14.205. Mwenye kituo alikuwa anapanda kilohezi moja kila baada ya mtu. Nikaweka 14.206, nikamwonyesha kidole. Mjomba akaita mara moja tu.

Nami nilisikia kwa kushoto, 5Z4 na herufi zake zote. Haikufika sekunde kumi. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini na mbili usiku, ambayo kwa saa ya watu wa redio ni 1642, na aliiandika kwenye logi kwa mkono uliokuwa unatetemeka kidogo.

Simu ililia baadaye kidogo. Ilikuwa Jumapili. Nimefikiria sana vile kwa miezi hiyo yote nilikuwa namjibu mamangu kuhusu mitihani, na yeye hakuwa ameuliza mitihani hata siku moja.

"Umekula?" akauliza.

Nikamwambia bado. Nikamwambia silali vizuri. Kisha nikamwambia lile lingine.

Mjomba alikuwa ameinamia logi kana kwamba anahesabu, lakini alikuwa amegeuza kiti, sikio la kushoto likaelekea kwangu.