Alama ya Kuuliza

Kazi iliyonitoa Kakese ikaniweka Mpanda mjini ni ya kumbukumbu za afya: kusoma mwandiko wa daktari na kuugeuza kuwa herufi moja na tarakimu chache. Malaria haijawahi kunikosesha usingizi. Kipimo kikionyesha falsiparamu ni B50, asipopimwa ni B54, faili linalofuata. Saratani ndiyo iliyonifanya nibishane na watu.

Daktari huandika "?Ca titi". Kialama kile cha kuuliza kinabeba mambo mengi: uvimbe mgumu ameushika, ngozi imevutwa, chuchu imeingia ndani, ila kinyama hakijachukuliwa, na kikichukuliwa kitasomwa mbali, kwenye hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Sasa kompyuta haina pa kuweka alama ya kuuliza. Ukibonyeza C50, mama wa watu ana saratani ya titi. Ukibonyeza N63, ana uvimbe basi. Vijana hukimbilia C50 kwa sababu "si ndiyo daktari anaiwaza?" Mimi nashika ushauri wa Shirika la Afya Duniani: mgonjwa akiondoka bila uhakika, andika kilichoonekana. N63, na rufaa leo hii.

Lakini wapo wasiofika kwenye kinyama kabisa. Mzee mmoja wa kwetu Kakese, mkulima wa mpunga, aliletwa tumbo limejaa maji, macho ya njano. Ultrasaundi ilionyesha uvimbe kwenye ini, na kipimo cha damu cha AFP kilikuwa juu mno. Hakuna aliyethubutu kulichoma sindano ini lile, lingevuja damu. Daktari aliandika saratani ya ini, bila alama yoyote. Mwanawe akaja dirishani: "Kaka, hapo baba umemwandika ana nini?" Nilimwonyesha: C22.

Nilipokwenda kujifunza usajili wa saratani ndipo nikakuta safu ambayo madaftari yetu hayana: msingi wa utambuzi. 1 ni macho na mikono ya daktari, 2 ni picha, 4 ni kipimo cha damu kama AFP, 7 ni kinyama cha uvimbe wenyewe. Yule mzee angehesabiwa, akapewa 4 yake. Tukisubiri vinyama tu, mkoa wetu wa Katavi utaonekana hauna saratani, na mashine haziletwi pasipo na wagonjwa.

Nilirudi nikachora safu hiyo kwa rula pembeni mwa rejista. Wa titi nawaandikia 1 kwa penseli, majibu ya kinyama yakija nafuta.