Kompyuta ya kumbukumbu za wagonjwa: anza na fundi

Hapa tumezoea kuzungumza mikorosho, salfa na ubwiri unga. Leo tutoke shambani kidogo. Muuguzi mmoja hapa Chidya ameniuliza: "Afisa, zahanati yetu ikitaka kutumia OpenMRS, tununue kompyuta gani?"

Udaktari siujui, lakini kupoteza kumbukumbu nakujua. Niliwahi kuweka majina ya wakulima na hesabu ya mikorosho yao kwenye kompyuta moja ya mezani. Radi ikapiga, kompyuta ikaungua, nakala sina. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuandika upya. Mikorosho huhesabika tena. Mgonjwa aliyedhuriwa na dawa fulani mwaka juzi, nani atalikumbuka jina la dawa hiyo?

OpenMRS ni programu huria, haina ada ya leseni. Ilianzishwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret, Kenya, kwa wagonjwa wa mradi wa AMPATH. Inaendeshwa kwa Java na hifadhidata ya MySQL, hivyo hukubali Windows na Linux. Basi usipoteze muda kubishania ipi bora. Jiulize haya:

1. Ikigoma, nani atatengeneza? Kama fundi wako wa Masasi au Newala anajua Windows tu, Linux ya bure itakugharimu nauli. Kama anaijua Linux, ichukue: haina leseni, na virusi vya kwenye flashi haviisumbui sana.

2. Umeme ukikatika? Chagua kompyuta mpakato yenye betri nzima. Kuzimika ghafla katikati ya kuandika kunaweza kuharibu hifadhidata.

3. Nakala iko wapi? Kila jioni weka nakala kwenye diski ya nje yenye nywila, ifungiwe kabatini, chumba kingine. Kila mwezi jaribu kuifungua kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa ni mbegu usiyoipima uotaji.

Kama zahanati ni ya serikali, uliza kwanza halmashauri, maana serikali ina mfumo wake, GoT-HoMIS. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: siri ya mgonjwa ni siri hata ndani ya kompyuta.

Muuguzi nilimwambia jambo moja la mwisho: daftari lisiondoke mezani mpaka nakala ya kwanza ifunguke mbele ya macho yake.